Reli ya Plasta

Milima ya Pugu nimeichonga kwa plasta ya meno.
Makombo ya kliniki, yale yanayotupwa jioni,
nayakoroga kwenye bakuli la mpira,
nayamwaga juu ya magazeti yaliyofinyangwa
na kabla hayajashika nayachana kwa kisu
paonekane mahali mvua ingepita, kama ingenyesha sebuleni.
Mchana natengeneza meno ya watu wa Kariakoo.
Usiku nina reli ya kutoka Dar hadi Ruvu
juu ya mlango.

Mlango wenyewe ulikuwa wa bafu.
Hamduni aliuliza mara moja tu:
"Na tukioga?"
Tukatundika pazia.

Injini niliiokota mtumbani, Karume,
sandukuni, chini ya midoli isiyo na vichwa.
Alitaka elfu sita, nikampa nne na kisogo.
Puani imefungwa jembe la kusukumia theluji.
Theluji! Nami jasho limenifika kwenye nyusi.
Nimeliacha. Lisukume vumbi.

Abiria ni wa plastiki ya ufizi,
waridi wote, ukoo mzima.
Tatu wa jirani kawakagua mmoja mmoja:
"Mbona hawana macho?"
Wamelala, mwanangu. Wametoka mbali.
Hakuridhika. Akanidai muuza mahindi,
nikamchongea, na hindi lake ni jino la mbele
lililokataliwa na mteja kwa unjano.

Mji huu haupendi chuma.
Hewa ina chumvi, na chumvi ina subira.
Kabla ya kila safari nafuta reli kwa spiriti,
kitambaa kinatoka cheusi kama tako la sufuria.
Sisimizi wamegundua gundi.
Mjusi amehamia stesheni ya Mpiji,
kichwa juu, kama anayesubiri kurudishiwa nauli.
Halafu LUKU inaisha treni ikiwa juu ya daraja,
na gizani tunaisikia injini ikipoa,
ti,
ti,
hakuna anayekwenda kununua uniti.

Baba alikuwa mkuu wa stesheni, Soga.
"Treni haichelewi," alikuwa akisema,
"saa ndiyo ina kiherehere."
Nimerithi daftari lake, jalada la kaki:
namba ya treni, muda iliokaa, sababu.
Ng'ombe relini.
Maji.
Injini imechoka.
Ng'ombe wale wale.
Na ukurasa mmoja, mwandiko umekwenda mrama,
saa tisa usiku, dakika hamsini na tano:
*Mkunga yumo behewa la tatu.*
Basi. Jina langu halimo.
Hakuandika kama mama alilia,
wala abiria walinung'unika kiasi gani,
wala aliwaambia nini wakubwa wake mjini.

Na treni yangu, sijui niseme vipi,
inakwama Soga.
Si kila mzunguko. Ikipenda.
Kuna kiungo hapo umeme unaruka,
Hamduni anakijua, ni fundi redio yule,
ameshakuja na risasi na pasi ya moto mara mbili.
Acha, namwambia.
"Lakini ni dakika moja tu ya kazi."
Najua. Acha.

Jana Tatu alikuwa amepiga magoti, kidevu ubaoni,
jicho usawa na madirisha.
Taa ya mbele ikafifia, magurudumu yakanyamaza,
behewa la tatu mkabala na muuza mahindi.
"Imeharibika," akasema.
Haijaharibika. Imesimama.
"Inamsubiri nani?"
Nikatazama saa ukutani, ile yenye kiherehere.
Kesho saa nne nina meno ya bibi harusi, ya juu yote,
na plasta ilikuwa imeshaanza kuganda kwenye bakuli.
Sikuisukuma kwa kidole.