Ngeli

Somo la kwanza, saa mbili asubuhi, chuoni Tudor,
feni imekwama, jasho limetangulia kujiandikisha.
Dakta Nyamvula akaandika ubaoni neno moja tu,
UHAI,
akaweka chaki, akatutazama kama anayetudai.

"Kiumbe hai hufanya nini?"
Vijana wakamwaga majibu: hula, hupumua, hukua,
huzaa, hujongea, huhisi, hutoa taka.
Saba. Mwakio alizihesabu kwa vidole,
vitatu vikabaki havina kazi.
Nami, mwenye miaka arubaini na mmoja,
niliyekuja na harufu ya achari kwenye shungi,
nikanyoosha mkono kuuliza lisilo kwenye mtaala:
"Dakta, kirusi ni huyu au ni hiki?"

Shufaa alicheka hadi kalamu ikamtoka.
Dakta hakucheka.
"Hilo," akasema, "wataalamu wenyewe hawajapatana.
Keti nalo."

Nimeketi nalo wiki kumi na moja.

Nimeketi nalo jikoni Bondeni, nikichanja ndimu,
nikizitia chumvi, nikizitazama zikilia maji.
Kumbe ni osmosisi.
Miaka kumi na minane tumekaa nyumba moja
na sikuwahi kumuuliza jina.

Nimekwenda nalo nyuma ya chuo, ukingoni mwa hori,
ambako mchu umesimama topeni hadi magotini.
Nililamba jani lake: chumvi.
Umekunywa bahari ukaitema kasoro.
Unakula jua. Unapumua kwa mizizi
iliyochomoza juu ya tope kama kalamu za watoto,
na lugha yangu bado inauita *huu*.
Mti huu umekufa, twasema,
kufa tunauruhusu,
ila kiti pamoja na walio hai hatukuupa.
Lakini mbu, ee mbu! Mbu huyu kaniuma.
Kunguni huyu. Chawa huyu.
Hao wote wameketi mstari wa mbele.

Usiku wa kuamkia mtihani wa mpangilio wa viumbe
kichwa kiligoma, nikakivuta kwa mizani
kama bibi yangu alivyokuwa akihesabu madeni:

Himaya ndiyo ya kwanza,
faila ikafuliza,
ngeli, oda, hukoleza,
familia ni ya tano.

Jenasi na spishi hazikuenea kwenye ubeti.
Nikazikosa zote mbili.

Alhamisi Lali wa maabara akatugawia vijiti vya meno.
"Kwangueni shavu kwa ndani, polepole,
wala msiniletee damu."
Nikapaka kibaoni, nikadondosha tone la buluu,
nikainamia hadubini nambari saba,
ile yenye skurubu iliyolegea.
Kwanza ukungu.
Kisha ukungu wa buluu.
Kisha akatulia, peke yake,
ukingo umekunjika kama leso iliyoanikwa kwa haraka,
na kiini karibu na katikati, doa la wino.

"Umeiona?" Mwakio akauliza.

Nilikuwa Kibokoni, chumba cha nyuma,
mamangu juu ya kitanda cha kuoshea,
na Bi Mwanamkasi, mikono imelowa hadi viwikoni,
anatuambia: mgeuzeni kulia, mfunikeni,
taratibu, msimuumize.
Zote saba zilikuwa zimemtoka tangu alfajiri.
Mle chumbani hakuna aliyesema *hii*.

Nikaikaza skurubu kwa ncha ya kidole.
"Nimemwona," nikasema.

Mwakio akaandika daftarini: seli, imeonekana.
Mimi niliandika kama nilivyosema.
Ripoti ilirudi Jumatatu,
duara jekundu limezunguka silabi moja, -*mw*-,
pembeni hapana neno,
alama hazikukatwa.