Ratili Themanini

Ujumbe ulitoka Minesota, kwa mjukuu:
"Karatasi ya ndani iwe ratili themanini."
Basi. Hakuongeza neno.
Nami Twalib, mpiga chapa wa Kibokoni,
mwenye ofseti moja kuukuu na kisu kimoja cha kukatia,
nikamwambia Bi Maimuna Shekue: nimeelewa.

Sikuelewa.

Maghala ya Shimanzi hawaijui ratili.
Wakuuliza gramu: sabini? themanini? mia na ishirini?
Nikatafuta jedwali, nikaiona themanini,
nikaufuata mstari kwa kidole chenye wino:
mia mbili kumi na sita.
Nikanunua ya mia mbili na ishirini,
nikajiona karimu kwa zile nne za juu.

Kitabu cha kwanza kilikataa kufungika.
Kikakaa mezani kimeachama
kama mtu aliyekumbushwa deni mbele za watu.
Bi Maimuna akakigandamiza kwa kiwiko. Kikainuka.
Akakigandamiza tena, akatazama mgongo unavyopasuka gundi.
"Marehemu hakuwa mgumu hivi, mwanangu."

Usiku ule niliazima mizani ya Pankaj sonara,
ile ya kupimia vipini na pete.
Nikaziweka sakafuni karatasi za barua kumi na sita,
nne kwa nne, pasi na mwanya,
nikavua viatu, nikauzunguka ule uwanja mweupe:
mita moja ya mraba, ikipungua basi ni unywele.
Nikaokota moja. Gramu tano.
Tano mara kumi na sita.
Themanini, kama ilivyoandikwa kwenye bunda.
Gramu haina siri; kila karatasi
hupimwa kwenye uwanja ule ule.

Ratili ndiyo yenye mambo.
Wenzetu wa kule hupima rimu nzima, karatasi mia tano,
lakini ya ndani huipima ikiwa pana,
inchi ishirini na tano kwa thelathini na nane,
na ya jalada ishirini kwa ishirini na sita.
Sasa niambie:
shuka na kitambaa cha mkono vikilingana mizani,
kipi kitakuwa kinene?
Themanini ya ndani, zidisha kwa moja nukta nne nane:
mia na kumi na minane.
Themanini ya jalada, zidisha kwa mbili nukta saba:
ile niliyonunua.
Nilimvika mzee wa watu majalada
mwili mzima, mpaka ulimi.

Naye alikuwa mtu wa kupima!
Mswada wake una vidoa vya kahawa pembezoni
na vijistari vya penseli, nane, kisha nane,
alivyokuwa akihesabu silabi:
*Neno lisilo mizani, huanguka kama jani.*
Nikalisoma mara tatu, peke yangu,
mashine imezimwa, mkono wa sonara ukitikisika.

Nikarudi Shimanzi. Mia na ishirini, kwa hasara yangu.
Ilikuwa masika, na karatasi wakati wa masika
hunywa hewa, hukunja ncha, huongeza uzito wa wizi;
nikaiacha siku mbili ipoe ndani, imefungwa nailoni,
Mbwarali akinung'unika kuwa tunachelewa arubaini.

Tulichelewa siku moja.
Bi Maimuna hakukifungua kitabu.
Alikiweka kiganjani, akakipandisha, akakishusha,
kama apimavyo samaki kwa Marikiti
akiwa hamwamini muuzaji.
Kisha akakitia ndani ya buibui, akaenda zake,
na salio akaniletea Ijumaa, lote, na la hasara pia.
Nilikataa. Hakunisikia.

Kile kigumu ninacho rafuni, kimeachama hadi leo.
Mteja akija na namba peke yake,
"themanini, fundi, themanini tu,"
simjibu.
Namkabidhi akishike.