Nakaa Ng'ambo

Nakaa Ng'ambo. Ukiniuliza ng'ambo ya nini,
nitakunyooshea kidole mjini,
lakini ukikaa kibarazani kwangu ukatazama,
mji wa Tabora ndio ulio ng'ambo.

Choo cha uani nimekiziba nuru kwa magunia ya tumbaku.
Taa nyekundu. Beseni tatu. Dawa inanuka siki,
na koleo la mama la kuopolea maandazi
linaopoa nyuso.

Kamera ni Zenit ya marehemu Fundi Kapama,
nzito kama jiwe la kusagia.
Ina ugonjwa: mara inavuta filamu, mara inasahau,
ikaandika siku mbili juu ya ukurasa mmoja.
Bwana harusi mmoja wa Isevya alitokea na ng'ombe kifuani,
akadai fedha zake.
Mimi nilinunua ugonjwa huo.

Picha yetu ya utotoni ni moja, na mtoto ni mmoja.
Gauni lilikuwa moja, fedha ilikuwa ya picha moja.
Huyu nani, Mama? Kulwa au mimi?
"Mmoja wenu," anasema, anaendelea kuchambua mchele.
Ningemfunua ningejua.
Picha haifunuliwi.

Bibi alinifunga mkono wa kushoto kwa pindo la kanga.
Huo ni mkono wa kike, alisema,
chakula kina mkono wake, wa kuume.
Kaka yangu alikula bila kufungwa.
Na mimi, mtoto wa kike,
nikakatazwa mkono uliopewa jina langu.

Jumapili nilivaa koti la reli la Kulwa, vifungo vya shaba,
nikakaa upande huu wa benchi.
Uzi mrefu kidoleni, pumzi nimeibana,
ta!
Kisha nikavaa gauni la kitenge, nikakaa upande ule.
Nikaiomba kamera isahau.
Ikasahau.

Tazama: tumekaa wawili.
Magoti yamegongana, na hapo katikati
kiganja kimepita ndani ya kiganja,
na nyuma ya kifua cha gauni
vifungo vinne vinang'aa kama macho ya paka.

Kwenye negativu nimeota mvi kabla ya wakati.
Meno makaa. Koti jeusi limekuwa kanzu.
Nikaigeuza filamu ubavu wa pili:
mkono wa kike ukawa wa kuume.
Bibi angesimama na kanga yake
asijue amfunge nani.

Kulwa hupita usiku na treni.
Tabora ndipo mabehewa yanapokatwa,
haya ya Mwanza, haya ya Kigoma,
na waliopanda pamoja Dodoma,
waliogawana mahindi ya kuchoma,
wanaagana kupitia madirisha bila kujuana majina.
Nikampenyezea bahasha.
Akamulika tochi, akanyamaza, mpaka mwenzake akampigia filimbi.

"Huyu ni mimi," akasema.
Kidole chake kilikuwa juu ya gauni.
Nikataka kumcheka, nikakuta sina cheko.
"Na huyu wa koti?"
"Huyo si wewe? Mabega hayo.
Ulibeba ndoo mbili, mimi nikibeba kalamu."

Treni ikaenda Kigoma na picha.
Nilirudi kwa miguu, nikihesabu mataruma,
nikakosea, nikaanza upya.

Asubuhi mama aliikuta negativu imeanikwa
kati ya soksi na mashuka.
Akaishika pembeni, akaielekeza juani,
jicho moja kalifumba.

"Doto, huyu nani? Wewe au mwenzio?"

"Mmoja wetu," nikamwambia.

Akaguna. Akaitazama tena, kinyumenyume.
Kisha akaniuliza koleo lake liko wapi,
mafuta yameshachemka.