Saba Kasoro

Umeme ulikatika saa nane za usiku,
tanuri langu dogo, Langoni, nyuma ya duka la Famau,
likapoa kwa pupa.

Asubuhi kidonge cheusi kikapanda mizani:
kimepungua miligramu kumi na tatu.
Ndani yake yitriamu, bariamu, shaba,
tabaka juu ya tabaka, kama jiwe na chokaa.
Oksijeni ingekuwa saba.
Niliandika: sita na robo.

Hakuna kilichobomoka.
Shaba imesimama palepale,
ila pande mbili za fuwele zilizopishana urefu
sasa zimelingana, sawasawa kama tofali,
na umeme hauoni pa kupita.
Nani alijua upungufu nao hunyoosha?

Nikaenda kwa shangazi Mwana Zena, Mkomani.
Zidaka za ukumbi wake, safu juu ya safu,
nyingine tupu:
bakuli tatu za Kichina aliziuza mwaka wa matibabu,
birika liliangushwa na paka.
Nikamuuliza mbona hazizibi.
Akaendelea kuchambua mchele.
“Nikiziba, kitu kitarudi wapi?”

Nimewasha tena, kwa jenereta ya Famau.
Hewa ya mtungi inapita polepole,
joto nalishusha nyuzi kumi kwa saa,
nalala sakafuni, nasikiliza injini ikikohoa.
Siri haiko kwenye moto. Iko kwenye kupoa.

Siku ya tatu zimerudi miligramu kumi na mbili.
Moja imebaki hukohuko ilikokwenda.
Nikaandika daftarini: saba kasoro.

Famau anadai petroli yake.