Bitana

Ukisema umemvulia mtu kofia
bibi yangu, Nelly Shawcross, angekuuliza:
Ipi? Saizi gani? Kaishona nani?

Miaka thelathini na minne, mjini Denton,
kiwanda cha matofali yaliyosawijika kwa moshi,
ghorofa ya pili, benchi la tisa kutoka dirishani,
alishona bitana za hariri
na ule ukanda wa ngozi unaokunywa jasho la paji.
Chanda chema huvikwa pete.
Chake kilivikwa kastabini.

Chini yake, kwenye mvuke,
wanaume waligeuza manyoya ya sungura kuwa kofia.
Baba yake alikuwa mmoja wao, enzi za zebaki,
hata mikono ikaanza kumtetema, chai
ikamwagika nusu kabla ya kufika mdomoni.
Watoto wa mtaani walimfuata wakimwiga.
Huyo hakuvuliwa kofia na yeyote
mpaka alipolala kwenye jeneza,
na hapo, alisema bibi, zilivuliwa nyingi mno.

Shuleni mwalimu alitueleza msemo ulikotoka,
ingawa alikiri kwamba hakuna aliyekuwepo:
eti askari farasi, mbele ya mtu anayemwamini,
aliivua kofia ya chuma
akauacha utosi wazi, kana kwamba asema,
ukitaka, piga.
Kisha mkulima kwa kabaila wake,
kisha kila mpita njia kwa kila maiti,
mpaka leo tunavua kofia ambazo hatukuvaa,
kwa mdomo tu,
kwa mfunga mabao, kwa mpishi wa keki.

Nilikimbia nyumbani kumwambia.
Alikuwa akimenya viazi, hakuinua uso.
"Utosi wazi," alisema.
"Basi ndiyo maana Bardsley hakuthubutu."

Bardsley, msimamizi. Kofia nyeusi, ya duara, ngumu kama chungu,
ndani na nje, mvua na kiangazi,
wapo waliosema hulala nayo.
Alipita benchi kwa benchi
akiukwaruza kila mshono kwa ukucha wa kidole gumba.
Ukimchukiza, utasikia.
Ukimridhisha, ananyamaza, anakwenda kwa jirani yako.
Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji:
mnazi hakuwahi kuuona, Bardsley,
lakini imani yake ilikuwa hiyo hiyo,
kwamba neno jema moja
lingelegeza uzi wa ghorofa nzima.

Halafu wanaume wa nchi ile wakaanza kutembea vichwa wazi.
Hakuna aliyetangaza. Wenye magari walisema
paa liko chini mno; vijana walitaka nywele zao zionekane.
Kiwanda kikafungwa mwezi wa Novemba, siku ya Ijumaa.

Wanawake walipanga foleni langoni kuchukua bahasha.
Bardsley alikuwa amesimama pale, akisoma majina,
na alipofika kwenye S
akaacha kusoma.
Akavua kofia.

Hakuinama. Aliipindua
akamwonyesha ndani, kama mtu anayeonyesha kidonda.
Hariri ilikuwa imechanika katikati, imekuwa rangi ya chai.
Ukanda umekwisha kwa jasho la miaka kumi na tisa.
Mshono haukuachia hata tundu moja.
"Ni wako," alisema. "Niliuchagua."

Kichwa chake, bibi aliniambia, kilikuwa cheupe
na laini kama yai lililomenywa,
na mvua ilikuwa ikikidondokea
naye hakukifunika.

Bibi akaichukua ile kofia.
Akapitisha ukucha wa kidole gumba
kuuzunguka mshono wote, polepole,
foleni ikimsubiri nyuma.
Akamrudishia. Akanyamaza.

Alinisimulia mara moja tu, akitafuta mkasi,
na nilipomuuliza kwa nini hakusema hata ahsante
alinitazama kana kwamba
sijasikia neno lolote la hadithi ile.