Linaloniendesha

Kazi yangu mimi ni kuendesha.
Tramu, mabehewa mawili, njia ya kusini ya Sofia;
miaka kumi na tisa, sijagonga hata mbwa.
Lakini tumbo nalo linaniendesha,
na halina ratiba, halina breki,
wala halikusomea.

Abiria wanavijua vituo kwa majina.
Mimi navijua kwa vyoo:
duka la maua la Tsvetan, ufunguo chini ya ndoo;
kanisani, mlango wa nyuma, Jumapili marufuku;
kisha vituo sita, jangwa tupu.
Huko ndiko ninakokaza meno
na kuhesabu taa.

Siku moja nilisimamisha tramu nzima,
watu wamekumbatia mifuko, theluji inapiga vioo,
nikakimbilia mgahawa wa pembeni bila kuaga.
Niliporudi walikuwa kimya, wote,
isipokuwa bibi mmoja aliyesema,
"Hata mwanangu, binti. Hata mwanangu."

Dokta Haralampieva alipima alichopima.
Damu safi. Kamera imeingia, imetoka, haikuona mtu.
"Utumbo wako, Zdravka, una hasira za karibu,"
kisha akanisogezea kichupa:
bakteria hai, mabilioni, wamelala ndani ya kidonge.
"Kuna wanaopata nafuu, kuna wasiopata.
Jaribu wiki nne. Ukiona bure, acha."
Nililipenda lile neno *bure*
kuliko dawa yenyewe.

Mama, kule Smolyan, alicheka kwenye simu hadi akakohoa.
"Mabilioni! Kwani mimi nilikulisha nini utotoni?"
Ijumaa basi likaleta chungu cha mtindi
kimeviringishwa sweta la marehemu baba
kama mtoto mwenye homa.

Sasa wanaishi jokofuni, rafu moja,
wa kiwandani na wa Mama,
sijui nani anafanya kazi, nani anapiga porojo.
Wiki ya kwanza: gesi, naona haya kuandika zaidi.
Ya pili: maumivu yale yale, ila yanapiga hodi kwanza.
Ya tatu nilisahau kujaza daftari.

Leo asubuhi nimelipita duka la maua.
Tsvetan kainua ndoo, kunionyesha ufunguo upo.
Nimempigia kengele tu.
Nimefika katikati ya jangwa
ndipo nikagundua sijahesabu taa.

Sijapona. Juzi tu vitunguu vimeniadhibu.
Ila leo, kati ya kituo na kituo,
kwa dakika saba hivi,
aliyekuwa akiendesha
ni mimi.