Vijiti Kumi na Sita

Klaipėda, Januari, saa nane za usiku.
Theluji imezifukia reli huko nje
nami nimepiga magoti mbele ya seva,
kifuniko kimevuliwa, feni zimenyamaza,
mkononi ukanda wa kuondoa umeme tuli,
waya wake umenifunga kwenye kabati
mfano wa mbuzi kigingini.

Wiki nzima Bwana Stulpinas alitaka mashine mpya,
nne kwa mpigo.
"Hii imezeeka," alisema, "haina tena nguvu."
Nikamwonyesha grafu. Nguvu ipo, bosi.
Vichakataji vimekaa, mikono mapajani,
asilimia kumi na moja tu kazini,
vingine vyangoja.
Vyangoja nini?
Data iende, irudi.

Kumbukumbu ni meza, diski ni ghala,
na meza ikiwa ndogo kama kigoda
mpishi hukimbilia ghalani kwa kila punje ya chumvi,
hurudisha kopo ndipo apate pa kuweka pilipili,
akionja, chumvi haikutosha,
mbio tena.
Jasho linamtiririka, sufuria haijachemka,
na wewe uliyeketi na njaa yako
unasema: mpishi mvivu.

Aliyeyajua haya kabla yangu ni Genovaitė,
karani wa mabehewa, ghorofa ya pili,
miaka ishirini na mitatu kiti kilekile.
Akiulizwa ngano ya fulani imefika wapi
alibofya, akainuka, akachemsha maji,
akakata mkate mweusi, akapaka siagi,
akarudi: kiduara bado kinazunguka kiooni.
Basi akajibu kwa kichwa chake.
"Hamsini na mbili, sufuri tisa. Reli ya saba,
nyuma ya mbolea."
Na mteja akaisifu kampuni
kwa wepesi wa mitambo yake.

Nachomeka. Cha kwanza, cha pili.
Vibano hujifunga vyenyewe: tk, tk.
Kila kijiti gigabaiti sitini na nne,
chembamba kuliko kitana.
Cha tisa kinagoma. Nakisukuma, kinagoma.
Kumbe nimekigeuza kinyume,
aibu yangu na ukuta tu ndio tunaoijua.
Cha kumi na sita. Terabaiti nzima.
Vile vya zamani, gigabaiti nane nane,
navilaza kwenye sanduku lao kama meno ya maziwa.

Kisha kuwasha.
Dakika sita za kioo cheusi.
Mashine inahesabu, inahesabu upya,
kama mtu aliyelipwa deni asilolitegemea
na hamwamini mlipaji.
Hapo ndipo fundi hukumbuka sala za utotoni.

Ikaamka.
Ripoti iliyokuwa ikila saa nne
ikaisha kwa dakika kumi na tisa,
sikuwahi hata kumaliza sandwichi.
Kazi za seva mbili jirani nikazihamishia humu,
zile mbili nikazizima,
chumba kikapoa hadi nikatafuta koti.
Stulpinas ataipenda bili ya umeme
kuliko anavyonipenda mimi.

Saa moja asubuhi Genovaitė akaingia,
theluji kwenye buti, skafu mdomoni.
Akabofya, akainuka kwenda kuchemsha maji
(miguu ina mazoea yake)
na nyuma yake jibu likatokea papo hapo,
likakaa peke yake, halina wa kulisoma.
Aliporudi alilitazama
kama mgeni aliyefika nyumba haijafagiwa.

"Umeiongezea kumbukumbu?"
Nimeiongezea.
"Kiasi gani?"
Nikamwambia.
"Kwa bei gani?"
Nikamwambia na hiyo pia.
Akakoroga chai, muda mrefu, sukari ilikwisha kuyeyuka.
"Yangu," akasema, "hawakuwahi kuiuliza bei."

Simu ikalia.
Akakipa kioo mgongo,
akasikiliza, akafumba macho kidogo.
"Reli ya nne," akajibu, "la tatu kutoka mwisho."

Nikainama kuangalia.
Reli ya nne.
La tatu kutoka mwisho.